Wawili wa Bergen: Historia ya Usuhuba, Utengano na Kurudiana

Katika pwani ya magharibi ya Norway, mahali ambapo bahari imepenya ndani ya nchi kwa hori ndefu nyembamba zilizo baina ya milima, upo mji wa Bergen, ambao wenyeji wake hujifahari kuwa umezungukwa na milima saba, na ambao kwa mapokeo ya wanahistoria uliasisiwa mwaka 1070 na mfalme Olav Kyrre. Ni mji wa bandari na tijara tangu zamani; katika karne ya 14 wafanyabiashara wa Kijerumani wa umoja wa miji ya Hansa walifungua hapo maskani yao, wakawa wakinunua samaki mkavu aliyeshushwa kutoka kaskazini na kumpeleka nchi za kusini, na nyumba za mbao za gati iitwayo Bryggen, ambazo ni ukumbusho wa biashara hiyo, ziliandikwa mwaka 1979 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mvua huanguka humo kwa wingi unaopita milimita 2,000 kwa mwaka, na mji ambao mbingu zake hufunga mara nyingi kiasi hicho huwafundisha watu wake kukaa ndani, kusoma, kuzungumza na kupiga ala. Ndiko alikozaliwa Ole Bull, bingwa wa fidla, mwaka 1810. Ndiko alikozaliwa Edvard Grieg mwaka 1843, ambaye alipokuwa kijana wa miaka 15 alisikiwa na huyo Bull akipiga piano, na kwa nasaha yake akapelekwa kusoma Leipzig, katika Ujerumani, akazunguka katika miji ya wageni miaka mingi, hatimaye akarudi kujenga nyumba yake ya Troldhaugen kandokando ya mji aliozaliwa. Kwa hiyo kuondoka na kurejea si mambo mageni katika historia ya muziki wa Bergen.

Mjini humo walizaliwa, katika mwaka mmoja wa 1975, watu wawili ambao habari zao ndizo zilizonifanya nishike kalamu: Eirik Glambek Bøe, aliyezaliwa mwezi wa Oktoba, na Erlend Øye, aliyezaliwa mwezi wa Novemba. Walijuana tangu shuleni, na walipofika umri wa miaka kumi na sita walikuwa wamekwisha jiunga na wenzao wawili katika bendi iliyoitwa Skog, jina ambalo maana yake ni msitu. Bendi hiyo ilitoa santuri moja fupi, Tom Tids Tale, kisha ikavunjika. Lakini katika wanne waliotawanyika, wawili hawakutawanyika. Waliendelea kukaa pamoja na magitaa yao, wakatambua kwamba kile walichokitafuta katika bendi kubwa kilikuwa tayari mikononi mwao, na wakajipa jina la Kings of Convenience, ambalo tangu wakati huo limejulikana katika Ulaya, Amerika na Asia.

Inafaa kueleza sanaa yao ilivyo, maana asiyeielewa hataelewa kwa nini kutengana kwao kulikuwa msiba na kurudiana kwao kukawa neema. Ni sanaa ya magitaa mawili makavu, yasiyotegemea ngurumo za umeme, na ya sauti mbili zilizokaribiana sana kwa kimo na kwa rangi, hata msikilizaji mgeni huweza kusikiliza wimbo mzima asijue ni nani aliyeanza na ni nani aliyepokea. Gitaa moja hudonolewa nyuzi kwa vidole na kushika mwendo. La pili hujibu, hujaza nafasi, hupanda pale la kwanza linaposhuka. Wala hakuna anayejitokeza mbele ya mwenziwe kutaka sifa. Walijifunza mengi kutoka kwa wanamuziki wa Kimarekani wa miaka ya 1960 walioimba kwa sauti mbili, na mengi zaidi kutoka Rio de Janeiro, ambako mwishoni mwa miaka ya 1950 João Gilberto aliudhihirishia ulimwengu kwamba kipaza sauti hakikuumbwa kwa ajili ya wapiga kelele tu, bali humwezesha mwimbaji kuimba kwa upole wa mtu anayezungumza na rafiki yake chumbani na bado akasikika na umma. Muziki wa namna hii husikika mwepesi, lakini ni mgumu kuliko unavyodhaniwa, kwa sababu hakuna ngoma ya kuficha kosa wala kishindo cha kufunika udhaifu; mwimbaji akitetereka hutetereka hadharani, na wawili wasiposikilizana kwa dhati kila mtu hufahamu papo hapo.

Katika majira ya joto ya mwaka 1999 walipiga katika matamasha kadhaa ya Ulaya, wakaishi London kwa muda, kisha wakapata mkataba na kampuni ndogo ya Kimarekani iitwayo Kindercore. Halafu walikaa miezi mitano huko Uingereza wakifanya kazi na Ken Nelson, fundi yule yule aliyekuwa amesaidia kutengeneza santuri ya kwanza ya Coldplay, na mapema mwaka 2001 wakatoa Quiet Is the New Loud. Maana ya jina hilo ni kwamba sasa utulivu ndio umeshika mahali pa kelele, na katika wakati ambao redio na televisheni zilikuwa zikishindana kwa kishindo, dai hilo lilikuwa la ujasiri. Wasikilizaji walilipokea kuwa ni wito. Waimbaji wengine walioshika mwendo ule wa sauti ya chini na gitaa kavu wakaanza kuhesabiwa kuwa ni wa kundi moja, na jina la santuri likageuka jina la kundi hilo. Wahenga wetu walikwisha kunena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, na vijana wawili wa Bergen, bila kuijua methali hiyo, waliithibitisha.

Ilikuwa zama njema kwa mji wao. Mwaka ule ule wa 2001 kundi la Røyksopp, lililokuwa na makao yake Bergen, lilitoa santuri ya Melody A.M., muziki wa mitambo na wa kuchezeka, na sauti inayosikika katika nyimbo zake mbili mashuhuri, Poor Leno na Remind Me, ilikuwa ya Erlend Øye. Hapo mwenye nadhari angeweza kuona ishara ya mambo yatakayokuja. Mtu yule yule aliyekuwa nusu ya wimbo wa utulivu alikuwa na kiu ya mdundo na ya safari. Na mwenziwe, aliyekuwa nusu ya pili, hakuwa na kiu hiyo.

Utengano wa kwanza ulianza hapo. Baada ya kutoka kwa Versus, santuri ambayo ndani yake mafundi wengine walizifanya upya nyimbo za Quiet Is the New Loud, jina la wawili hao lilinyamaza miaka kadhaa. Øye aliondoka. Alizunguka katika miji 10, na katika kila mji akatengeneza wimbo mmoja na fundi mmoja, na matokeo ya mzunguko huo yakawa santuri yake ya peke yake, Unrest, iliyotoka mwaka 2003 na ambayo jina lake lenyewe ni ungamo la kutotulia. Akaweka kituo Berlin, akawa akichezesha santuri katika kumbi za usiku huku akiimba juu yake, na humo akaanzisha bendi nyingine, The Whitest Boy Alive. Bøe alibaki Bergen. Alirejea darasani, akaendelea na masomo yake ya saikolojia hata akayatimiza, akaishi maisha ya mtu wa mji wake, anayejua njia zake na anayejulikana na majirani. Watu wawili waliokuwa wakipumua pamoja katika wimbo mmoja wakawa wamechagua namna mbili za kuishi ambazo ni nadra kukaa nyumba moja.

Walakini utengano huo ulikuwa mfupi, na uliwanufaisha. Mwezi wa Juni 2004 walitoa Riot on an Empty Street, na katika nyimbo zake mbili walimkaribisha mwimbaji wa Kanada, Leslie Feist, ambaye wakati huo alikuwa hajapata umaarufu alionao leo. Sauti yake iliingia baina ya sauti zao mbili bila kuwatenganisha, na urafiki huo wa watatu utarudi tena mbele katika historia hii. Filamu ya wimbo wa I'd Rather Dance with You, ambayo ndani yake Øye anawafundisha watoto wa kike kucheza, iliwekwa na MTV ya Ulaya mahali pa kwanza miongoni mwa filamu za muziki za mwaka ule. Kisha ikapita miaka mitano, na mwaka 2009 ikaja Declaration of Dependence, yenye nyimbo 13 ambazo hakuna kati yake iliyopigwa ngoma. Wamarekani walitangaza mwaka 1776 kwamba hawamtegemei tena mfalme wa Uingereza. Hawa wawili waligeuza usemi ule, wakatangaza kwamba wanategemeana. Na kwa kuwa kutangaza jambo ni rahisi kuliko kuliishi, mtihani wao mkubwa ulifuata mara baada ya tangazo hilo.

Miaka 12 ilipita bila santuri mpya. Hapakuwa na ugomvi uliotangazwa, wala mahakama, wala maneno makali katika magazeti. Mara kwa mara walionekana jukwaani pamoja wakizipiga nyimbo zao za zamani, kisha kila mmoja akarudi kwake. The Whitest Boy Alive ilikuwa imekwisha toa santuri mbili, Dreams mwaka 2006 na Rules mwaka 2009, na mwaka 2014 ikatangaza kwamba imekwisha. Øye akahama tena, safari hii kusini kabisa, hata kisiwa cha Sicily, akafanya maskani Siracusa, mji uliojengwa na Wayunani mwaka 734 kabla ya Kristo na kutekwa na Waarabu mwaka 878, mji wa jua na mawe meupe ambao haufanani na Bergen ila kwa bahari. Aliimba kwa Kiitaliano. Akavuka hata Iceland, na pamoja na bendi ya rege ya huko, Hjálmar, akatengeneza santuri ya Legao iliyotoka mwaka 2014. Akajikusanyia wanamuziki wa Sicily akatembea nao. Bøe, katika mji wa mvua, aliunda kundi lake liitwalo Kommode, ambalo lilitoa santuri mwaka 2017 kwa Kiingereza. Baina ya hao wawili palikuwa na bara zima, na palikuwa na jambo zito kuliko bara: kila mmoja alikuwa amekwisha onyesha kwamba anaweza kuishi na kuimba bila ya mwenziwe.

Wengi waliopita njia hiyo kabla yao hawakurudi salama. Ndugu wawili wa Kimarekani, Don na Phil Everly, ambao sauti zao zilikuwa madrasa ya kila kundi la wawili lililowafuata, walifarakana jukwaani mbele ya watu tarehe 14 Julai 1973 huko California, Phil akalivunja gitaa lake na kuondoka, na Don akabaki kumaliza maonyesho peke yake. Ikapita miaka kumi kabla hawajasimama tena pamoja, katika ukumbi wa Royal Albert Hall mjini London, mwezi wa Septemba 1983. Paul Simon na Art Garfunkel, waliojuana tangu utotoni katika mtaa mmoja wa New York, waliachana mwaka 1970 baada ya kutoa santuri iliyopendwa kuliko zote walizotoa. Tarehe 19 Septemba 1981 wakaimba tena pamoja katika bustani ya Central Park mbele ya umati uliokisiwa kufika watu 500,000, na dunia ikadhani kwamba wamerudiana. Wakaanza kutengeneza santuri mpya, lakini khitilafu za zamani zikaamka, na ilipotoka mwaka 1983 kwa jina la Hearts and Bones, ilikuwa ya Simon peke yake, sauti ya Garfunkel ikiwa imekwisha ondolewa. Mifano hii miwili yafundisha jambo moja. Kukutana tena mbele ya umati si kurudiana. Umati huja kwa ajili ya jana, huja kudai irudishwe siku ambayo haiwezi kurudi, na mara zinapozimwa taa waimbaji wawili hujikuta wamebaki na yale yale yaliyowafarikisha, ambayo makofi hayakuyagusa.

Wawili wa Bergen walirudiana kwa njia nyingine, na kwa maoni yangu hapa ndipo ulipo uzuri wa historia yao. Hawakuanza na uwanja, wala na sherehe. Walianza na kazi, nayo ilikuwa kazi ya faragha na ya subira. Nyimbo za santuri yao ya nne zilirekodiwa kwa muda wa miaka mitano katika miji mitano. Mtu aweza kustaajabu kwamba nyimbo 11 za magitaa mawili zichukue miaka mitano, lakini aliyefahamu sanaa yao hatastaajabu. Wimbo wa namna hii hauwezi kuungwa vipande vipande kwa hila za mitambo ukabaki na uhai. Uhai wake hutokana na watu wawili kuketi pamoja katika chumba kimoja, kila mmoja akiusikiliza mkono wa mwenziwe, na kurudia, na kurudia tena, mpaka upatikane mpigo ambao ni sahihi na bado ni mwepesi. Ikiwa mmoja amechoka, au akili yake iko kwingine, au wameketi pamoja kwa wajibu tu bila ya furaha, kazi ya siku ile hutupwa. Na kwa kuwa mmoja aliishi karibu na Afrika ya Kaskazini na mwingine karibu na ncha ya dunia, kila kikao kilihitaji safari, na kila safari ilihitaji ikhtiari mpya: ilibidi waamue tena na tena, mwaka baada ya mwaka, kwamba jambo lile linastahili. Kurudiana kwao hakukuwa tukio la usiku mmoja.

Santuri hiyo, Peace or Love, ilitoka tarehe 18 Juni 2021, ikatanguliwa na wimbo wa Rocky Trail uliotoka mwezi wa Aprili. Dunia ilikuwa bado katika dhiki ya maradhi ya korona, kumbi za muziki zilikuwa zimefungwa au zimefunguliwa nusu, na watu wengi walikuwa wamekwisha onja kwa lazima ule upweke wa kutengana ambao waimbaji hawa waliuonja kwa hiari. Feist alirudi pia, akaimba katika nyimbo mbili, kama alivyoimba katika nyimbo mbili miaka 17 kabla yake. Naye safari hii hakuwa kijana anayetafuta njia, bali msanii mwenye jina lake katika nchi nyingi, ambaye hakuwa na haja ya kuja ila haja ya urafiki. Waliotunga Quiet Is the New Loud walikuwa na miaka 25. Waliotunga Peace or Love walikuwa na miaka 45, na tofauti hiyo yasikika, si katika sauti, maana sauti zao zimehifadhika kwa namna ya kushangaza, bali katika mambo wanayoyasema. Kijana huimba juu ya mahaba kama mtu anayetazamia kufika. Mtu mzima huimba juu yake kama mtu aliyefika, akaondoka, akajifunza ni gharama gani inayolipwa na anayechagua amani, na ni gharama gani inayolipwa na anayechagua mahaba. Jina la santuri laweka maneno hayo mawili kama njia panda, na nyimbo zake hazijidai kujua ipi ni njia ya kweli.

Milango ya kumbi ilipofunguliwa walitoka tena kuzuru, watu wawili na magitaa mawili.

Nikiulizwa historia hii yatufaa nini sisi tulio mbali na hori za Norway, nitajibu kwamba yatufaa sana, kwa kuwa suala lake si la Norway peke yake. Kila mahali pana ndugu walioachana kwa ajili ya kazi na masomo, pana masahibu walioanza jambo pamoja kisha mmoja akavuka bahari na mwingine akabaki kulinda nyumba, na katika kila hali hiyo huzuka tuhuma mbili: anayebaki humdhania anayeondoka kuwa amemtupa, na anayeondoka humdhania anayebaki kuwa amelala. Tuhuma hizo zimeua suhuba nyingi kuliko umbali wenyewe. Øye hakumlazimisha Bøe kuiacha Bergen, wala Bøe hakumlazimisha Øye kurejea Bergen; mmoja alipewa haki ya kuzunguka na mwingine haki ya kutulia, na kwa sababu hakuna aliyenyang'anywa maisha yake, hakuna aliyerudi na deni la kudai. Nasadiki kwamba kama wangefungana kwa nguvu mwaka 2001, wakazunguka pamoja mwaka hata mwaka kama soko linavyowataka waimbaji wafanye, pengine tungekuwa na santuri kumi zao, lakini tusingekuwa na hawa wawili. Wangechokana, na mwisho wao ungefanana na ule wa California.

Husemwa kwamba milima haikutani, binadamu hukutana. Ni kweli, lakini kukutana hakutoshi; wengi hukutana wakapeana mikono, wakaulizana habari, kisha wakaachana bila kitu kilichozaliwa. Kurudiana kwa kweli huzaa kazi mpya, nayo kazi hiyo huwezekana tu pale kila mmoja anaporudi akiwa na kitu alichokipata huko alikokuwa, na pale mwenziwe anapokuwa tayari kukisikiliza. Mmoja alileta miaka yake ya Berlin na Siracusa, mwingine miaka yake ya elimu na ya maisha katika mji mmoja, na wimbo wao ukawa na kina ambacho hakuna kati yao angeweza kukichimba peke yake. Anayetaka kuudumisha usuhuba wake na aanze hapo: amwachie mwenziwe nafasi ya kuwa mtu kamili, aheshimu ukimya wake pasipo kuuita uadui, na siku atakapoitwa tena kwenye kazi, aende.